Bi Neiva Bortoluzzi na Koili Iliyofupishwa

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba koili ya shawa, waya wa ndani unaopasha maji moto, ikifupishwa, shawa itatumia umeme kidogo. Ni kinyume chake. Bi Neiva Bortoluzzi, fundi mkuu wa umeme wa Nyumba ya Wazee ya Morro da Geada, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, na karibu yote ameipitisha akipambana na kosa hilo.

Alikuja kwetu akiwa binti mwenye cheti cha chuo cha ufundi, akakuta jengo la mbao za msonobari, nyaya za zamani darini, na wazee wasiokubali kuoga maji ya uvuguvugu hata nyasi zikiganda nje. Akatazama juu, akasema, “Hapa tunalala ndani ya kiberiti.” Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo tumemjua kuwa mwoga. Maji ya chai yake ya majani ya mate huyachemsha kwenye jiko la kuni, kwa kuwa birika la umeme halimpendezi. Wahudumu wakimtania, jibu lake ni moja: “Siku nitakapoacha kuogopa, nitafutieni kazi ya kumenya viazi.”

Waliokuwepo Julai ya mwaka wake wa kwanza hawamtanii. Jumapili ya baridi kali, koili ya shawa ya wanawake ilikatika katikati. Maduka yalikuwa yamefungwa. Adilson, mhudumu wa zamu, akafanya kama afanyavyo kila baba wa nyumba huku kwetu: akatupa nusu iliyoungua, akaifunga nusu iliyobaki. Maji yakatoka yakifuka mvuke, na foleni nzima ikamsifu.

Jumatatu asubuhi Neiva alipita ukumbini akanusa kitu kama plastiki iliyosahauliwa jikoni. Ndani ya bafu, Bi Iracema Schlösser, mwenye umri wa miaka tisini, alikuwa kwenye kiti cha kuogea.

“Leo maji yana adabu,” alisema Bi Iracema kupitia mlango. “Adilson, mwanangu, uoe mapema, mkeo atanenepa.”

“Nani kagusa shawa?” Neiva aliuliza.

“Mimi. Nimefupisha koili kidogo tu,” akajibu Adilson, aliyekuwa akingoja mlangoni. “Si ndiyo inakula umeme mdogo, dada?”

Neiva alifungua sanduku la umeme, akabana kipimo kwenye waya. Alisoma, akasoma tena, kisha akavuta meni swichi. Jengo lote likazima.

“We binti, nina sabuni kichwani,” Bi Iracema alilalamika. “Unataka nizikwe na mapovu?”

“Kaa nayo, bibi. Usiguse bomba, usiguse ukuta. Nakuja kukutoa.”

Alimfunika blanketi mbili, wakambeba na kiti chake hadi jikoni, kando ya jiko la kuni. Kisha Neiva akapanda darini. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka likadondokea ubao, na ubao ulikuwa mweusi eneo la ukubwa wa sinia. Juu yake palikuwa na vumbi kavu la miaka mingi. Adilson alipouona aliketi sakafuni. Hakuna aliyemgombeza. Nusu yetu tulikuwa tumefanya hivyohivyo majumbani mwetu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, upate nguvu kwa wati. Shawa ile ilipokuwa nzima, kwa volti 220, ilivuta ampea 20: ukinzani omu 11, nguvu wati 4,400. Asubuhi ile kipimo kilionyesha ampea 40. Basi ukinzani ulikuwa omu tano na nusu, na nguvu wati 8,800. Koili fupi, kama njia fupi, humzuia mpitaji kidogo, kwa hiyo mkondo hupita mwingi zaidi. Na mkondo ukiwa maradufu, joto ndani ya nyaya za ukutani huwa mara nne, mahali ambapo jicho halifiki. Waya ule ulifaa ampea 28. Breka, swichi inayokata umeme ukizidi, ingejizima, lakini mtu fulani, kabla ya Neiva, alichoka kuiwasha kila mara, akaweka ya ampea 50.

Tangu wiki ile, hakuna mhudumu mpya aliyepewa ufunguo wa bafu bila kufanya hesabu hiyo mbele ya Bi Neiva. Alibadilisha nyaya za jengo zima, upande baada ya upande, na katika miaka yake yote hatujazika mzee hata mmoja kwa sababu ya moto. Jandira, anayemrithi, amefundishwa vyema, na ni mwoga wa kutosha.

Hata hivyo tuna hofu. Anaondoka baridi ikiingia, na majumbani mwetu hakuna wa kunusa ukumbini.

Bi Neiva, asante kwa woga wako uliotulinda. Upumzike salama, chai yako ya mate iwe moto, na usingizi wako usikatizwe na harufu yoyote.

Nanyi wenzangu: leo, kabla hamjaoga, someni namba ya ampea kwenye breka ya shawa yenu, mumpelekee Jandira aone kama inafaa waya wenu.