Kadi ya Ziada ya Mzee Mistari

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwalimu wetu wa hisabati anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, yote katika shule hii. Wenye kumbukumbu nzuri watauliza mbona tulishamuaga. Ni kweli, tulimuaga miaka miwili iliyopita, keki tukala na saa ya ukutani tukampa. Tutafika huko.

Alipoajiriwa alipewa mada ambayo wenzake waliikimbia: kuoanisha grafu na mambo ya kila siku yanayobadilika kadiri muda unavyokwenda. Akakata maboksi, akatengeneza kadi. Nyingine ziliandikwa matukio: chai inapoa, tangi linajaa, simu inaisha chaji. Nyingine zilichorwa grafu, na kazi ya mwanafunzi ni kuitafutia kila kadi mwenzake. Ugonjwa ukamwingia mwenyewe, akawa anachora kila kitu, ndiyo maana wanafunzi wakamwita Mzee Mistari na sisi tukafuata. Hotuba za mkuu wa shule, zile zinazoanza kwa kusema ana machache tu, alizichora kama mstari unaopanda na kusahau kushuka. Mkuu alicheka sana, kisha akaendelea kuhutubia. Chai yake mwenyewe aliipima ikipoa mpaka ikapoa kweli, na sidhani kama aliwahi kuinywa ya moto.

Mafanikio yake makubwa yalitokana na baiskeli ya mlinzi. Kila mwaka wanafunzi walikosea palepale. Wakiulizwa grafu ipi inaonyesha mwendo wa mtu anayepanda kilima kwa baiskeli kisha akashuka, wanachagua ile yenye umbo la kilima. Kuwaeleza kwamba grafu si picha ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Siku moja akatoa darasa zima nje, akaazima baiskeli, akaupanda mteremko ulio nyuma ya maabara. Kwenda juu, mwendo ulipungua mpaka watoto wakamwonea huruma. Kushuka, uliongezeka kama alivyofundisha, ila mlinzi alikuwa hajamwambia habari za breki. Ua wa miiba ukaushusha mwendo hadi sifuri papo hapo. Tangu hapo hakuna aliyelikosa swali lile, na mlinzi bado anaulizia gurudumu lake la mbele.

Katika kadi zake aliweka grafu moja ya ziada, ili mtu asiipate ile ya mwisho kwa kubahatisha. Mstari wake unakwenda kulia vizuri, halafu unakata kona na kurudi kushoto. Haina mwenzake, kwa sababu muda haurudi nyuma. Aliwaambia wanafunzi waitupe bila kuionea haya.

Basi, Jumatatu baada ya ile keki, mstaafu wetu akaingia getini kufuata kadi alizosahau. Akakuta kidato cha pili hakina mwalimu, akasema anawatuliza kidogo tu. Akawatuliza miaka miwili. Uongozi ulifurahi, na sisi tulifurahi zaidi, maana tulishaanza kutazamana nani ataachiwa ile mada.

Asiyefurahi ni shemeji yetu, mke wake, muuguzi aliyestaafu kabla yake. Jumatatu ile alikuwa amepika chakula cha mchana cha watu wawili, akala peke yake. Hakugomba. Alitufahamisha tu, kwa upole unaouma, kwamba walipanga kutembea pamoja kila asubuhi, na magoti yake hayamsubiri mtu.

Wiki iliyopita alikuja ofisini kwetu akaomba kadi moja. Tukadhani anataka ukumbusho. Akazichambua, akachukua ile ya ziada. Mzee mwenyewe ametuambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba sasa imebandikwa nyumbani kwao nyuma ya mlango wa mbele, juu kidogo ya kitasa.

Mwalimu, tunakushukuru. Umetufundisha kuyatazama mambo yakipanda na kushuka bila kutishika, na pengo lako tutaliona. Hilo si mzaha. Kadi zilizobaki tumezifunga na kumkabidhi shemeji, kwa hiyo safari hii hujasahau kitu. Muwe na maisha mema nyote wawili, mtembee polepole, na chai muinywe ya moto. Jumatatu tutakukumbuka sana. Usije.