Machela Inasubiri Bega la Mheshimiwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Nobert Byaruhanga, Mbunge wetu. Wazee, akina mama, na ninyi maafande mliosimama njiani: poleni na mlima. Tutasoma haraka. Sababu mtaisikia.

KARIBU

Karibu nyumbani. Tangu vijana wa Kinyamaseke walipokuzomea na kukurushia maganda ya ndizi, hujapanda huku tena. Sisi hatukurushii kitu. Chai ya tangawizi ipo, mihogo ipo, na kiti unachokalia amekipangusa mama yako mwenyewe kwa kitenge chake.

TULIKOTOKA

Sisi ni kikundi cha engozi, ile machela ya kubebea wagonjwa kutoka huku juu hadi hospitali, kule Bwera. Waislamu tumo, Wakatoliki tumo, na wenzetu waliokimbia vita vya Beni na Butembo, kule Kongo, tuko nao. Sheria yetu ni moja, tuliikuta kwa wazazi: nyumba iliyobebewa mtu wake hutoa bega. Si kuku, si bahasha. Bega.

TULIYOFANYA

Msimu wa mvua uliopita tulimbeba mama yako. Maji ya mto yalitufika kiunoni. Alipoanza kulia kwa hofu, Stanislas, mkimbizi wa Butembo asiye hata na kura ya kukupa, alimwambia: "Mama, lala tu. Mutoto yako anasemaka, siye tunabebaka." Mama yako akacheka mpaka ng'ambo. Alipona, yule pale.

Zamu yako ilipofika ukamtuma dereva, amevaa viatu vyake vilivyochongoka. Mbebaji mwenzetu Abdunoor akamrudisha: "Kaka, nenda zako. Wewe huyu mama hakukuzaa."

YANAYOTUSUMBUA

Daraja la mto ule. Fedha zake zilipotajwa, wewe peke yako ulisimama bungeni ukazipinga, ukasema mkandarasi ni mwizi. Chama chako kikakununia, ukakihama. Ukaingia kingine, nacho ukakihama. Tulikuita kichwa kigumu. Baadaye daraja alilolijenga mtu yuleyule kwingine likaenda na mvua ya kwanza, nasi tukaacha kukuita hivyo.

Basi hatusemi ulikosea. Ulisema kweli, Mheshimiwa. Lakini ulipokwisha kuisema uliiacha pale mtoni, wewe ukarudi Kampala. Kweli yako haijamvusha mtu.

La pili ni la leo. Asubuhi Stanislas alikuwa akibeba haya mabenchi mliyokalia. Akateleza, mguu ukavunjika chini ya goti. Tumeufunga kwa vipande vya mbao, lakini umeanza kuwa baridi na vidole vimepauka. Tulimbeba mpaka kwenye kona, afande akapaza sauti: "Rudi! Hakuna mtu kushuka mpaka mkubwa amalize!"

Mwenzetu Hidayah akamjibu, "Afande, huyo mkubwa mwenyewe ni zamu yake kubeba."

"Mama, nimesema rudi!"

Njia ya kukufikia ikabaki karatasi hii tu. Stanislas amelala nyuma ya hema hili, mkewe Jeanine anampepea. Tukinyamaza kidogo, utamsikia.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa tumeandika maombi sita, na daraja lilikuwa la kwanza. Yote tumeyapiga mstari. Limebaki moja.

Engozi inataka watu wanne. Abdunoor, Latif na Gracien wamekwisha kukunja suruali. Nafasi ya nne ilikuwa ya Stanislas mwenyewe. Wa kuijaza wapo wengi hapa, lakini bila wewe afande hatafungua njia, na zamu ni yako. Mti wa machela wa mbele, upande wa kulia. Tumeufungia kile kitenge cha mama yako, maana bega lako halijazoea.

Hatukutishi kwa kura. Kura ina siku yake. Mguu ni wa saa hii. Hotuba yako utatupa njiani, pumzi ikikubaki.

Mungu akutie nguvu magotini, na maji ya mto leo yasipande kupita mkanda wako. Amina.

Imesomwa na Bibi Mayimuna, kwa niaba ya wote.

Ni sisi, Kikundi cha Engozi cha Mlimani, leo pungufu ya mmoja.