Miguu ya Alhamisi Kuu

Pale Kabanga, karibu kabisa na mpaka, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na anayekaa upande huo hujifunza kubishana bila kutikisika. Ni benchi la Koleta, muuza kahawa, ambaye pia ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa pale mtaani. Ndiyo maana kahawa yake hunywewa kwa heshima kubwa kuliko ladha yake inavyostahili. Jumatano ile ya Juma Kuu mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kwa hasira, lakini wanaume watatu walikaa pale wamevaa viatu vya kufunika na soksi nene, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini. Upande wa tofali alikaa Fideli, mbadilisha fedha, aitwaye Chenji. Katikati Ansbert, aitwaye Wakili ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, kwa kesi ya mbuzi, na akashindwa. Mwisho Pancras wa kwaya, aitwaye Besi. Kesho yake Padre angewaosha miguu waamini kumi na wawili, na jumuiya yao ilitakiwa kutoa mmoja.

— Ataenda mnyenyekevu, alisema Koleta akimimina. Birika hili likiisha, namtaja.

Kahawa ilimuunguza Fideli ulimi. Juzi alikuwa amempigia simu mama yake kule Murusagamba, akamwambia kwamba amechaguliwa. Mama akapiga kigelegele, akasema anakuja kuona kwa macho yake. Sasa mama alikuwa njiani, mwana hajachaguliwa, na nafasi yenyewe huwezi kuiomba ukabaki mnyenyekevu.

— Mimi kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa, alianza Wakili. Mwaka mzima.

— Ili utoroke kabla ya kutangazwa michango, alisema Besi. Mimi je? Miaka yote hii kwenye kwaya sijapewa kuimba peke yangu hata mstari mmoja. Nimenung'unika?

— Umenung'unika, alisema Koleta. Mtaa mzima tulisikia. Sauti unayo.

Fideli aliona upenyo.

— Jamani, mimi niacheni tu. Mimi sistahili kabisa.

Akangoja kupingwa.

— Chenji kasema kweli, alidakia Wakili. Hastahili. Tuheshimu maneno yake.

— Nimesema sistahili, sijasema siendi!

— Mimi nilimkataza Padre asinitaje jina kanisani, Wakili akaendelea. Nilimkataza kabisa.

— Kwani alikuwa na mpango wa kukutaja? aliuliza Koleta.

— Hapana. Lakini mtu unajihadhari.

— Mimi najishusha hata usingizini, alisema Besi. Nikiota naendesha gari, najigeuza ubavu mpaka nijikute nimekaa siti ya nyuma.

— Na usukani anashika nani? aliuliza Fideli.

— Hayo hayanihusu. Mimi ni mtu wa nyuma.

— Hiyo ndogo, alisema Wakili. Mimi niliota nimefika mbinguni. Naambiwa ingia, nakataa. Nikasema mimi nitabaki hapa getini nilinde baiskeli za watakatifu.

— Ukadai na posho, alisema Koleta.

— Mimi huko kote sijafika, alisema Fideli. Hata nikiota, sivuki Biharamulo.

Wakacheka. Birika lilikuwa limeanza kuwa jepesi mkononi mwa Koleta pale pikipiki iliposimama kando ya benchi. Akashuka mama mtu mzima mwenye mfuko wa maharage, matope mpaka magotini, kandambili mguu mmoja, mguu wa pili peku. Fideli akajua kwamba kwake kumekwisha.

— Shikamoo mama! walisema wote watatu.

— Marahaba wanangu. Barabara imemeza kandambili yangu. Mimi ni Marsiana, mama yake Fideli. Nimekuja kumwona akioshwa. Si ndiye aliyechaguliwa?

Benchi likatikisika upande wa tofali.

— Kachaguliwa na nani? aliuliza Koleta.

— Na mwenyekiti wenu. Mwanangu aliniambia kwenye simu.

— Chenji! Wakili alijipiga paja kwa furaha. Umejipigia kura kwa simu!

Fideli alikitazama kikombe chake kana kwamba anaweza kuingia humo. Mama yake aliwaacha wacheke, kisha akasema:

— Hayo mtayamaliza. Mmoja wenu aniazime viatu nifike nyumbani kwa Fideli. Kilima kile kina kokoto.

Viatu vyote vikarudi chini ya benchi.

— Vyangu vina fangasi, mama, alisema Wakili.

— Vyangu vinabana, alisema Besi.

Fideli aliinama akakaza kamba za raba zake. Koleta aliwatazama miguuni mmoja mmoja.

— Soksi zote hizi, jua hili? Vueni.

— Mama mwenyekiti, hapa hadharani… alilalamika Besi.

— Vueni!

Wakavua. Miguu sita ikatokeza juani iking'aa mafuta, visigino vimesuguliwa kwa jiwe mpaka vikawa kama mayai. Ya Wakili ilinukia sabuni ya mtoto mchanga. Mama Marsiana aliinama akaikagua yote, taratibu, kama anayechagua mbegu.

— Miguu safi kweli, alisema. Sasa kesho Padre ataosha nini?

Wakili aliinua kidole, akakishusha. Koleta aliinamisha birika, likatoa tone moja, basi.

Fideli aliweka kikombe chini. Alipiga magoti topeni, akamfuta mama yake miguu kwa soksi zake mpya, akamvisha raba zake na kuzikaza kamba kwa kuwa zilikuwa kubwa. Akajitwika mfuko wa maharage, wakashika njia ya kilimani, tope baridi likimpenya vidoleni.

— Sikuchaguliwa, mama.

— Nimesikia. Tembea, maharage hayo yanachelewa kuiva.

— Chenji! Koleta aliita nyuma yao. Kesho uwahi kanisani. Na ole wako ujisugue!

Fideli alihisi kichwa kikianza kuvimba. Akashukuru kwamba mfuko ulikuwa mzito.

Hawajafika mbali, wakasikia nyuma yao maji yakiruka, chubwi, halafu chubwi nyingine nzito zaidi.

— Wakili! Besi! Koleta alipiga kelele. Tokeni kwenye dimbwi hilo, nimeshamtaja!