Kiwanja cha Chini ya Msalaba

Sikilizeni wanangu, na Inosenti funga mlango, upepo unanikausha koo. Habari hii aliyeileta kwanza hapa Daa ni dada yenu Katarina, alipotoka sokoni Karatu mwezi wa tano, mwaka wa themanini na nne, akasema serikali ya kijiji imewapa Waislamu kiwanja pale konani, wajenge madrasa na ukumbi wao, chini ya msalaba.

Msalaba ule mnaujua. Hapo ndipo lori la kwaya lilipokatika breki Pasaka ya mwaka wa sabini na tano, akafa dada yenu Lusia na wenzake sita, na dereva, kijana wa Kondoa, akatoka mzima. Kwa kuwa dereva alikuwa Mwislamu, watu walisema hawa sasa wanakuja kujenga juu ya damu. Walisema hivyo kilabuni, wakasema hivyo hata mbele ya kanisa, lakini mimi baba wa Lusia, ambaye shamba langu ndilo linalopakana na kiwanja, hakuna aliyeniuliza.

Nikawaita nyumbani. Alikuja Mzee Tluway, kaka wa baba yangu, akaja Clemensi katekista, akaja pia Swalehe fundi cherehani, mkubwa wa Waislamu wa hapa. Clemensi hakukaa hata kidogo.

"Patrisi, mwanao amelala pale, nawe unawakaribisha?"

"Mwanangu amelala makaburini misheni, Katekista. Pale konani wanaolala ni mbuzi wako."

Tluway akacheka, akamnyoshea Swalehe kibuyu cha pombe ya asali, kama tunavyofanya sisi Wairaqw tukitaka kumaliza neno. Swalehe akakitazama tu.

"Mzee wangu, ni Ramadhani. Saa hizi hata maji sinywi, na hiyo hata usiku siinywi."

"Mmeona?" Clemensi akaruka. "Amekikataa kibuyu!"

Kwetu anayekataa kibuyu ana kisasi moyoni, na Tluway alikuwa ameshaanza kutafuta fimbo yake aondoke. Ndipo mama yenu Cresensia akatoka jikoni.

"Nyinyi wazee wazima, mtu amefunga mnamletea pombe mchana! Na wewe Clemensi, Kwaresima nikikuletea nyama utasemaje?"

Akachukua kibuyu kipya kisichowahi kutiwa pombe, akakoroga asali na maji, akatuamuru tungoje jua lizame. Tulingoja tukizungumza mahindi, na katika kungoja huko tukapatana kwamba msalaba hautang'olewa, na njia ya kuufikia itapita katikati ya kiwanja chao bila kufungwa na mtu. Jua lilipozama Swalehe akanywa, nikanywa, Tluway akanywa. Clemensi alikuwa ameshaondoka.

Basi shikeni haya. Inosenti, shamba la juu ni lako. Katarina, ng'ombe wawili walio kwa rafiki yangu kule Nainokanoka ni wako, na kaka zako wasikuulize mumeo ametoa mahari gani. Josephati, wewe nimekupa la chini, linalopakana nao, kwa sababu wewe ndiye mwenye hasira, na ukilinda mpaka huo wengine hawatathubutu kuusogeza. Mpaka ni safu ya mikonge, usiuvuke hata kwa jembe moja. Ukuta wa madrasa yao umefika kwenye lenta, juu ya madirisha, umesimama kwa kukosa saruji. Mtu asikwambie kwamba umesimama kwa sababu Mungu hautaki.

Clemensi atakuja matangani kwangu, na atasema neno langu limekufa pamoja nami. Msimfukuze. Mpeni kiti, mpeni chakula, kisha mwambieni baba wa Lusia alikunywa, na aliyefiwa akishakunywa hakuna jirani wa kumdaia kisasi. Swalehe akija na watu wake kunibeba, wapisheni mabega… niinueni kidogo. Hivyo. Inatosha.

Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto wanaosikia, asiwatenge mezani. Mimi nimemaliza, sina… sina neno lililobaki.

Katika wale wa siku ile ya kibuyu, Tluway tulimzika mwaka jana. Mama yenu yu hai, mtunzeni. Swalehe yu hai. Clemensi naye yu hai, na bado… bado ana nafasi.