Historia ya Marehemu Katunge Kimanzi, Aliyepika Kila Jumapili

Mchungaji, majirani wa mtaa huu, na ninyi mliotoka Nairobi kabla jua halijachomoza, kaeni vizuri vitini, maana haya ni maisha ya mtu aliyeishi miaka sabini na minne, na hayatafupishwa ili mtu awahi barabara.

Marehemu Katunge alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Nuu, huko Mwingi, akiwa wa kwanza kati ya watoto saba wa mzee mrina asali, na tangu akiwa mdogo alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Alisoma shule ya msingi hapohapo Nuu kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akafaulu mtihani wa darasa la saba vizuri kuliko wadogo zake wa kiume waliomfuata, na karo ikawekewa wao, jambo ambalo hakulisemea kitu ila hakulisahau.

Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa kanisani na Elkanah Kimanzi, fundi wa pampu za maji wa serikali, na mwaka 1974 Elkanah akahamishiwa hapa Garissa. Wenzake walioletwa huku siku zile walilia kama watu waliofungwa, wakaanza kuandika barua za kuomba uhamisho kabla hawajafungua masanduku, lakini Katunge aliutazama mto Tana akasema palipo na maji mtu hafi njaa, akaomba jembe.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Kim, kwa kirefu Kimanzi, aliyezaliwa mwaka 1975 na kupewa jina la babu yake kama ada yetu inavyotaka, na mabinti wawili walioolewa mbali, na wajukuu saba. Kuanzia 1981 hadi 2006 marehemu alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana hapa mjini, na wako mama zenu humu ndani waliolelewa na uji wake. Elkanah alimtangulia tarehe 2 Februari 2009, akazikwa Nuu, na watoto wakamwambia mama yao arudi kwao, naye akawajibu kwamba kwao ni pale alipopanda mipapai.

Wiki yake ilikuwa hivi, na aliyeishi naye mtaa mmoja anaweza kushuhudia. Jumatatu alikuwa shambani kando ya mto, kwenye sukuma na bamia, akihesabu nyayo za kiboko na kumtukana kiboko kwa Kikamba, na hata mafuriko ya mwaka 2024 yalipobeba shamba zima hakulia, alingoja matope yakauke akapanda tena, na mwezi uliofuata akakuta mtikiti umejiotea wenyewe nyuma ya choo, akacheka siku mbili. Jumanne aliuza mboga sokoni, Jumatano alipimwa presha. Alhamisi alikuwa wa jirani yake Bishara, ambaye waliishi ukuta kwa ukuta kwa miaka thelathini na sita, mmoja wa msikitini na mwingine wa kanisani, wakiuguzana, na siku hiyo wajukuu wa Bishara walikuja kumletea maziwa ya ngamia na kuondoka na papai. Ijumaa alipumzika. Jumamosi alifua mashuka ya wageni, akafagia mpaka nje ya lango, na Jumapili akitoka kanisani alikaa kusubiri wageni wenyewe.

Wageni ni Kim na watu wake. Kim alimwita binti yake wa kwanza Katunge, jina la mama yake, tena humwita mtoto huyo Mwaitu, yaani mama, na huenda ndiyo sababu aliona mama anaye tayari pale Nairobi, maana msichana alizaliwa mwaka 2014 na mpaka mwaka huu hakuwa ameletwa Garissa hata siku moja. Walikutana Mwingi wakati wa Krismasi, bibi akipanda basi kuwafuata, kwa sababu Kim aliogopa barabara ya huku. Hofu hiyo hatuiiti ya bure, yako mambo yametokea, na tumezika watu. Lakini mama yake aliipita barabara hiyohiyo kwa miaka hamsini, na kila wiki Kim alipiga simu akisema, "Mwaitu, Jumapili tunakuja," na kila wiki kuku akachinjwa.

Sasa kuhusu kuku huyo, jana Kim aliisoma karatasi hii akaniambia mimi, mdogo wa mama yake, "Mama mdogo, hii ya kuku tuitoe, watu watatuonaje?" Haikutolewa.

Jamaa wa Nairobi huenda hamjui kwamba jirani Mwislamu hali nyama iliyochinjwa na mkono wa Mkristo, hata wakipendana vipi. Kwa hiyo miaka mingi marehemu hakuchinja mwenyewe, kila Jumamosi alimshika jogoo miguu akampeleka kwa Abdisalam, mwana wa Bishara, naye akamchinja kwa bismillahi, ili Kim asipokuja chakula kiwe na mlaji. Abdisalam alikuwa akimtania, "Mama Kim, huyu ni wa Nairobi ama ni wetu?" naye anajibu, "Wewe kata, mwenyewe atajulikana kesho." Na kesho yake, saa kumi, Bishara na wajukuu zake wanaingia na sahani. Yaani mama huyu alimngoja mwanawe kila wiki, na kila wiki, kabla hajamngoja, alikwisha kumjua.

Tarehe 5 Julai mwaka huu, siku ya Jumamosi, simu ilipigwa na mtoto Katunge mwenyewe, akamwambia bibi yake, "Susu, kesho tunakuja, viatu vyangu viko kwa begi." Kim aliwahi kuahidi mara mia, lakini wajina wake huyu mdogo hakuwahi kumdanganya, na marehemu akaamini. Siku hiyo hakwenda kwa Abdisalam. Alinoa kisu, akamkanyaga jogoo mabawa, akachinja kwa mkono wake.

Jumapili hakwenda kanisani, aliweka kiti langoni. Saa nane ujumbe wa Kim ukaingia, kwamba wamefika Mwingi, mtu pale hotelini amewaambia huku mbele si kuzuri, wamegeuza, itakuwa wiki ijayo. Saa tisa basi lililotoka Mwingi lilifika hapa mjini na abiria wake wote, na magunia ya viazi juu, hata kioo hakikupasuka.

Saa kumi Bishara aliingia na wajukuu na sahani zao kama kawaida, akamkuta mwenzake amesimama mlangoni.

"Leo nimechinja mwenyewe."

"Mwenyewe? Abaayo, dada, kwa nini hukuita Abdisalam?"

"Nilijua watakuja."

Bishara aliwaketisha watoto, akawaambia wale papai, akala nao, akampa pole kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Bole, dada yangu. Sisi iko hapa." Marehemu alionja bawa moja akaliacha, na sufuria nzima ikaliwa na paka wa mtaa.

Marehemu alikuwa na presha tangu 2011. Alhamisi tarehe 17 Julai alianguka kwenye bamia, Bishara akamkuta, Abdisalam akamkimbiza hospitali kwa tuktuk, upande wa kulia ukiwa umekufa. Kim alipigiwa simu saa saba mchana, akasema atakuja Jumamosi, kuna kikao kazini. Jumamosi tarehe 19, saa nne asubuhi, Katunge alikata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bishara, na Kim akiwa njiani, mahali fulani kupita Mwingi, na ilipofika saa nane alikuwa hapa, salama, bila kusimamishwa na mtu barabarani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku mbili bila kuuliza ni wa kabila gani, kanisa lake, walimu na wapishi wenzake wa zamani, na Abdisalam. Bishara hatumshukuru, maana mfiwa hashukuriwi, hupewa pole. Tunawashukuru pia watoto na wajukuu waliofika leo, magari tisa, hata pa kuyaegesha hapakuonekana, na wote mmefika wazima kwa barabara ileile. Mtoto Katunge, usilie mwanangu, wewe ulipanga viatu, kuendesha gari si kazi yako.

Kesho tutamlaza Nuu, kando ya Elkanah. Dada yangu, pumzika sasa kwa amani, usisikilize tena lango. Wamefika.