Mhandisi Aliyezitetea Nyuso Zetu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha televisheni, mhandisi mkuu wa picha anastaafu Ijumaa hii. Sisi wa chumba cha urushaji tunamwita Shangazi, kwani hukemea kama shangazi na kubembeleza kama shangazi. Nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, ila kuna jambo halijasemwa.

Kituo kilipoanza kurusha picha za kisasa, zile zinazobeba mwanga mkali na giza zito kwa pamoja, ilibidi tuchague kiwango cha kuzibana, yaani kanuni ya kuzipunguza ukubwa, ili zisafiri hewani hadi kwa watazamaji. Vilikuwapo viwili: cha zamani, ambacho mitambo yetu ilikwisha kukizoea, na kipya. Wauzaji wa mitambo walileta video za kulinganishia: maua, theluji, magari mekundu. Kwa viwango vyote viwili zilionekana vizuri. Shangazi akauliza watu wa rangi yetu wako wapi.

Basi akairekodi kwaya ya wafanyakazi ukumbini, kwa taa chache, akaibana kwa viwango vyote viwili, akaweka skrini mbili kantini. Kwenye kipya, kila sura ilijulikana. Kwenye cha zamani, mashavu yaligeuka viraka na macho yakamezwa na kivuli. Mpishi wa kantini alisimama mbele ya skrini hiyo, mwiko mkononi, akimtafuta dada yake kati ya waimbaji. Hakumwona.

Mkurugenzi alitazama, akasema, "Mtazamaji wa kawaida hataona tofauti."

"Mpishi ameona," Shangazi akajibu.

Kwa jibu hilo alihamishiwa stoo ya kanda za video. Ndiyo, stoo! Kiwango cha zamani kikapitishwa, nasi tukawarusha watu wetu kama madoa. Wazazi walipiga simu kwa uchungu: mahafali yameonyeshwa, watoto wao hawatambuliki. Simu zilipozidi, kituo kikahamia kiwango kipya kimyakimya. Siku ya uzinduzi walishukuriwa wauzaji. Shangazi, safu ya nyuma, alipiga makofi. Mimi sikupiga.

Aliporudishwa kazini kwake hakumnunia mtu. Alitufundisha kuijaribu kila picha kwa nyuso za wanaotutazama kwanza, mengine baadaye, na ndivyo tunavyofanya.

Shangazi, asante sana. Tunakuombea afya na siku za raha pamoja na wajukuu. Na kwa kuwa wakubwa hawajasema hadi leo, acha tuseme sisi: ulikuwa sahihi, ulionewa, utuwie radhi.