Pedi za Breki za Kujinunulia

Bwana aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata boksi la pedi za breki kama mtoto mchanga, akimlalamikia mama mshonaji wa kiti cha pili. "Fundi wangu kagoma kuzifunga! Eti spea niliyonunua mwenyewe, yeye haidhamini. Kwani wewe, mama, si tunakuletea vitambaa vyetu?"

"Mnaniletea, baba. Vikichuja rangi, mnamlaumu nani?"

"Fundi, nani mwingine!"

"Basi huyo wako kanizidi akili."

Dereva akadakia, "Usimsikilize, kaka! Hata breki za basi hili nimejinunulia mwenyewe, bei ya kutupa."

Kwenye kituo kilichofuata, basi likapitiliza mita kadhaa ndipo likasimama. Tukashuka hata sisi tuliokuwa tunakwenda mbali. Wa kwanza mlangoni alikuwa bwana wa boksi.